Bi Tak Ok-ran, Aliyetufundisha Kuuogopa Usingizi wa Mtoto

Mwishoni mwa mwezi huu wa Februari, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi katika Nyumba ya Wazazi ya Haesol hapa Wonju, Bi Tak Ok-ran, muuguzi mkuu wa chumba cha watoto wachanga, anastaafu. Mkurugenzi alitaka wasifu huu uandikwe na muuguzi mwenzake. Wauguzi wote wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi, na mzigo ukaniangukia mimi wa jikoni, ninayewapikia wazazi supu ya mwani karibu muda wote huo. Atakayeona maneno yangu yamezidi chumvi ajue yametoka wapi.

Bi Ok-ran alizaliwa Jeongseon, milimani, mtoto wa mchimba makaa. Alisomea uuguzi na ukunga, akafanya kazi katika hospitali moja ya mkoa, kisha akaja kwetu nyumba hii ilipofunguliwa, ikiwa na vyumba vichache na paa linalovuja. Tangu hapo wazazi wasiohesabika wamekaa hapa wiki zao mbili tatu baada ya kujifungua, wakala, wakalala, wakalia kidogo, wakarudi kwao na watoto wao. Wengi wakimtaja Bi Ok-ran husema, yule mkali. Mimi niliyekula naye chakula cha mchana siku zote hizo nawaambia kwamba mama huyu ni mwoga kupita kiasi, na ninaliandika neno hilo kwa heshima zote.

Alichokiogopa ni kimoja. Aliogopa kwamba mtoto aliyelazwa mzima, ameshiba, hana homa wala kikohozi, mtu atakwenda kumwamsha asiamke. Jambo hilo lipo na linatokea, na mara nyingine hakuna hata wa kulaumiwa. Ila kuna njia za kulikaribisha na njia za kuliweka mbali, na Bi Ok-ran alizijua zote. Mtoto alazwe chali kila usingizi, hata ule mfupi wa mchana. Alale chumba kimoja na mama yake lakini mahali pake mwenyewe, kwenye godoro gumu lisilobonyea. Asiwekewe mto, wala mwanasesere, wala blanketi zito. Chumba kisiwe cha moto, na kichwa kisifunikwe. Sisi tuliofanya kazi naye tungeweza kuyataja haya tukiwa usingizini, kama angeturuhusu kulala.

Shida ni kwamba hapa kwetu kila bibi anataka mjukuu mwenye kisogo cha mviringo. Kisogo bapa ni kasoro ya kudumu, utaoa nacho, utapigwa picha nacho, na majirani watauliza ulilelewa na nani. Kwa hiyo bibi humlaza mtoto kifudifudi ili kisogo kikae sawa. Sakafu, ambayo kwetu hupashwa joto kwa chini, imewashwa moto, juu yake kuna mfarishi mnene wa pamba uliotoka kwa babu zao, maana mtoto akipata baridi ukoo mzima utamsema mama yake. Yote hayo hufanywa kwa mapenzi matupu, na yote hayo yalimnyima Bi Ok-ran raha.

Basi mlangoni pa chumba cha watoto aliweka kabati la chuma, sisi tukaliita jela. Mito yenye tundu la kuviringisha kichwa, dubu wa manyoya, mifarishi ya hariri, vyote vilifungwa humo mpaka siku mzazi anapoondoka. Bibi mmoja wa Hoengseong alimjia juu. "Mwanangu, mimi nimezaa saba, wote nimewalaza kifudifudi, leo wewe unanifundisha?"

"Kwa hao saba hongera, Bibi," akajibu Bi Ok-ran. "Huyu ni wangu mpaka Ijumaa." Bibi akacheka bila kupenda, na mto ukaenda jela.

Alikuwa na desturi ya kupita akiweka upande wa nyuma wa kidole chini ya pua ya kila mtoto aliyelala, taratibu, bila kumgusa. Ikawa mazoea yasiyochagua. Mkurugenzi wetu aliwahi kusinzia kwenye kiti chake baada ya mlo, akafumbua macho akakuta kidole cha Bi Ok-ran kinangoja pumzi yake. Mimi mwenyewe nimepimwa hivyo mara kadhaa kwenye benchi la jikoni. Ukimuuliza, atakwambia alikuwa anapita tu.

Lakini msicheke sana. Katika darasa alilowafundisha wazazi kulikuwa na mahali ambapo kila mara wazazi waliacha kuandika. Nilikuwa nikipita na sinia la vikombe na kumsikia akisema, "Mnangoja mtoto alie ndipo mwende. Jambo hili halina kilio." Hakuongeza sauti. Nilikwisha kuisikia sentensi hiyo mara nyingi kuliko mtu yeyote, na bado nilikuwa nikiharakisha kupita.

Sasa nifike kwenye lile lililoharakisha kustaafu kwake, maana alikuwa na miaka miwili zaidi mkononi na wengi mmeuliza kulikoni.

Mwanzoni mwa Desemba binti yake wa pekee, Da-hae, alijifungua mtoto wa kiume, Ro-un, akakaa hapa kwetu wiki tatu. Mumewe, Gi-tae, anaunda meli huko kusini na hurudi mara moja moja, kwa hiyo baada ya hapo Da-hae akaenda kukaa kijijini kwa mama mkwe wake, Bi Yeom, mpaka karamu ya siku mia ya mtoto. Bi Yeom ni mjane, mkarimu, hodari wa kazi, na jiko lake ni safi kuliko langu. Bi Ok-ran alimsindikiza binti yake mpaka getini akimkumbusha hili na lile. Bi Yeom alipokuja kuwachukua, Bi Ok-ran aliinama, akamshukuru, na juu ya usingizi wa mtoto hakumwambia hata neno moja.

Msimshangae. Mama wa mke kumfundisha mama wa mume namna ya kumlea mjukuu wa ukoo wa mume, kwetu hilo halifanyiki. Neno likiteleza, anayelilipia ni binti, kila siku, kwenye jiko la mama mkwe. Mwanamke aliyewakatalia mabibi wa mkoa mzima akaumeza ulimi wake mbele ya bibi mmoja, yule aliyehitaji kuambiwa kuliko wote. Akabaki kuomba Da-hae awe na uthubutu, na Da-hae ni mpole.

Siku moja mwezi uliopita tulikuwa mezani jikoni, mchana, mimi na yeye, wali na kabichi ya kuchachua na mchuzi wa soya. Simu yake ikalia. Ilikuwa picha kutoka kwa Bi Yeom na maneno machache: mkwe wangu, mtazame mjukuu wetu anavyoufaidi usingizi, kisogo kitakuwa kama yai. Nikachungulia. Niliona mfarishi mwekundu uliovimba kama mto, na katikati yake kichwa kidogo cheusi kimezama. Nikasema, jamani, anapendeza.

Bi Ok-ran akaweka kijiko chini. "Sun-deok," akaniambia, "uso wake hauonekani."

Akampigia Da-hae. Simu imezimwa. Akapiga tena, imezimwa. Kisha akalitafuta jina la Bi Yeom, na kidole kikasimama hewani. Mimi nimemwona mama huyu akimfokea mke wa jenerali mbele ya dereva wake. Nikamwambia, "Dada, mbona unaitazama simu tu? Piga."

"Yule mke wa jenerali hakuwa mkwe wangu," akasema. "Nikimkosea huyu, Da-hae atalia mwaka mzima."

"Na usipopiga?"

Akapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakatika, na mimi tayari nilikuwa nimezima jiko na kushika ufunguo wa gari la kubebea kabichi. Wazazi waliochelewa kula siku ile, wakanung'unika, sababu ndiyo hiyo.

Barabara ya mlimani ilikuwa na barafu kwenye kona. Alikuwa akisema endesha haraka, kisha anasema polepole, tukitumbukia nani atafika. Picha aliishikilia mkononi muda wote, akiikuza kwa vidole, akiitafuta pua. Halafu akaanza kuongea, si na mimi. Alisema mtoto wa umri ule hawezi kuutoa uso wake kwenye pamba. Alisema pumzi anayoitoa inabaki palepale, naye anaivuta tena, na tena, mpaka haina kitu ndani yake. Alisema sakafu ya kule inawashwa kwa kuni na huwezi kuipunguza. Nikamwomba anyamaze, akarudi kuitafuta pua kwenye picha. Niliogopa. Nimezika wazazi wangu wote wawili, nimeungua mikono kwa mafuta, sijawahi kuogopa kama katika gari lile, na mtoto hata si wangu.

Tulipofika uani hapakuwa na mtu. Moshi ulikuwa unatoka kwenye bomba, mlango umerudishwa tu. Mimi, pamoja na hofu yote ile, nilisimama kizingitini nikavua viatu, maana miguu imezoea. Yeye hakuvua. Alipita na viatu vyake vya theluji juu ya sakafu ya mkwe wake, akaacha matope kutoka mlangoni hadi chumba cha ndani. Kwa wasomaji wetu sina haja ya kueleza jambo hilo ni zito kiasi gani.

Ro-un alikuwa vilevile kama kwenye picha. Hakuwa amesogea hata kidogo. Bi Ok-ran akapiga magoti, akamgeuza. Uso ulikuwa mwekundu, umelowa jasho, pamba imemchora mistari shavuni, na mdomo uko wazi. Akaweka kidole chini ya pua. Mimi nilishindwa kumtazama mtoto, nikawa namtazama yeye, na sura yake haikuniambia chochote. Akampapasa nyayo. Akampapasa tena, kwa nguvu zaidi. Mtoto akakunja uso, akavuta pumzi, akaanza kulia kwa hasira ya mtu aliyekatizwa usingizi, na Bi Ok-ran naye akalia. Sikuwahi kumwona akilia, wala sikujua kwamba analia kwa sauti kubwa hivyo.

Bi Yeom aliingia na bakuli la kabichi mikononi. Alikuwa nyuma ya nyumba akiitoa kwenye mitungi iliyofukiwa, simu ameiacha ndani. Da-hae alikuwa chumba cha pili, kalala fofofo. Mama mkwe ndiye aliyemwambia azime simu, apumzike, mtoto atamtazama yeye. Wema mtupu, kama nilivyosema. Akayatazama matope, akamtazama mkwe wake.

"Mkwe, umeingia na viatu," akasema.

"Nimeingia na viatu," Bi Ok-ran akajibu. "Hilo nitakuomba radhi mpaka nife, na unitukane upendavyo. Lakini mtoto alazwe chali, mkwe wangu. Nakusihi. Na mfarishi huu uondoke."

"Watoto wangu wanne nimewalaza hivyo. Baba yake huyu nimemlaza hivyo. Wote wameamka, wamekula, wamekuwa watu."

"Walioamka ndio unaowaona," akasema Bi Ok-ran. "Wasioamka hawaji kwenye karamu."

Bi Yeom akaweka bakuli chini. Nilidhani atatufukuza, na angekuwa na haki. Badala yake akaanza kumtetea mjukuu kwa namna yake. Alisema kaka yake mdogo alikuwa na kisogo bapa, shuleni wakamwita ubao wa kukatia nyama, jina likamfuata mpaka jeshini. Alisema hataki mtoto wa Gi-tae apite humo. Hapo nikaelewa kwamba chumba kile kilikuwa na mabibi wawili wenye hofu, kila mmoja na yake.

"Akiwa macho, mweke kifudifudi mbele yako ucheze naye, kisogo kitapumzika," Bi Ok-ran akamwambia. "Na kikitokea bapa hata hivyo, waambie kijiji kizima ni bibi yake wa mjini aliyekiharibu. Nitaubeba mzigo huo. Nipe huo nibebe, huu mwingine sitauweza."

"Rahisi kusema, wewe jioni unarudi zako mjini," Bi Yeom akamtupia. "Kama unaogopa hivyo, si uje ukae hapa umlinde mwenyewe."

Ilikuwa kejeli, hata mimi niliyesimama na soksi nilijua ni kejeli. Hakuna mama wa mke anayekwenda kuishi kwa mkwe wake. Watu watasema amekosa pa kuweka kichwa. Bi Ok-ran akajifuta macho kwa kiganja. "Chumba kipi?" akauliza.

Wakati huo Da-hae alikuwa amesimama mlangoni, nywele zimetimka, anawatazama mama zake wawili kwa zamu. Msichana huyu mpole aliingia, akauvuta ule mfarishi wa ukoo kutoka sakafuni, akaukunja, akautoa hadi ukumbini kwenye baridi, akarudi akatandika kigodoro kile kigumu alichopewa hapa kwetu, akamlaza mwanawe chali mbele ya mama mkwe wake. Bi Yeom akaokota bakuli lake, akamwambia, "Mlete huyo mgonjwa wako wa hofu ale. Na huyo mpishi. Kabichi itapoa," ingawa kabichi ile ilikuwa na barafu.

Matope aliyafuta Bi Ok-ran mwenyewe amepiga magoti, kutoka chumbani hadi mlangoni. Kesho yake aliingia ofisini kwa Mkurugenzi akaomba kustaafu mapema. Alipoulizwa sababu alisema amealikwa mahali.

Bi Ok-ran amesoma rasimu hii na kuniomba niiondoe habari ya viatu. Nimekataa. Bi Yeom naye ameomba niandike kwamba chumba cha wageni amekipaka rangi, na kwamba sakafu yake sasa inawashwa kidogo tu hata yeye mwenyewe anavaa soksi mbili. Anampigia Bi Ok-ran kila siku: mkwe, leo amelala sana, nifanye nini, mkwe, nimeweka kidole, nadhani anapumua, lakini kidole changu ni kigumu kwa kazi, sikiamini. Ameambukizwa kabisa. Bi Ok-ran humjibu kwa upole ambao sisi hatukuwahi kuuonja.

Wenzake mtaona kwamba sikutaja tuzo zake. Zipo mbili, zimetundikwa ukumbini, nendeni mkazisome. Nilitaka niwaambie kwamba hofu haijamwisha na wala hatudanganyani. Mtu akimwambia kwamba mwezi ujao siku mia zinatimia na hatari itakuwa imepita, atamjibu kwamba siku mia ni za karamu na keki za mchele, hatari haisomi kalenda, bado miezi mingi. Kila mtoto aliyelala hapa, yeye alimlaza akijua kwamba amefanya yote yanayowezekana na kwamba yote hayo si ahadi. Akaogopa, akalaza, akarudi kuangalia. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya, na chumba cha watoto atawaachia wauguzi waliojifunza kuogopa kutoka kwake. Tunawategemea waogope vizuri.

Dada Ok-ran, kwa niaba ya Mkurugenzi, wauguzi, wafuaji, madereva na jiko, asante. Wastaafu wengine huwa tunawaombea usingizi mnono, wewe tusikudanganye, hutaupata. Tunakutakia asubuhi nyingi katika nyumba ya mkwe wako, na katika kila moja umkute Ro-un amekutangulia kuamka.

Bong Sun-deok
Jikoni, Nyumba ya Wazazi ya Haesol